Bakteria wa Chupa na Kabati la Maandazi

Miaka ile biashara iliporuhusiwa, kila mwenye kiwanja kando ya barabara kuu pale Mikumi alijenga gesti. Mke wangu naye akajenga yake, vyumba vinne. Mchango wangu, kama msomi wa nyumba, ulikuwa tangi la vioo la samaki wa mapambo, likae mapokezi. Samaki wanne wa kwanza waliishi siku tano. Mke wangu hakusikitika. Alilipima tangi kwa shubiri, akasema, "Wakifa na wengine, hili ni kabati langu la maandazi."

Muuza samaki wa Dar es Salaam alinieleza kosa langu: tangi jipya halina bakteria wa kula sumu inayotokana na mavi ya samaki. Akaniuzia bakteria hao ndani ya chupa. Samaki angewatuma kwa basi nikiwa tayari.

Siku ya kuwamimina, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kilosa. Kipindupindu kilikuwa kimetutisha sote, naye hakunywa maji ya mtu bila kuuliza yamechemshwa lini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hiyo dawa ya nini?"

"Si dawa, mama. Ni bakteria."

"Umewanunua?"

"Ndiyo."

"Kwa hela?"

Nikatoa mhadhara. Kwa sauti yangu ya chuo kikuu nilieleza jinsi vijidudu wema wanavyojenga makao kwenye kokoto. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na maji umechota wapi?"

"Kwenye pipa la nje, mama."

"Lile ulilotia dawa ya kuua vijidudu asubuhi?"

Mke wangu, aliyekuwa akipiga pasi mashuka, ilibidi aweke pasi chini acheke vizuri. Bwana afya alikuwa ameagiza kila gesti itie klorini kwenye maji ya wageni, na mtiaji mkuu nilikuwa mimi.

Chupa ilikuwa imebaki nusu. Mama mkwe akaniamuru nimwage maji yote, nikachote ya kisimani. Kwake mtungi mpya hulowekwa siku kadhaa, humwagwa, hujazwa tena, na hakuna anayekunywa mpaka harufu ya udongo iishe.

"Na huu ni mtungi," alisema. "Punguza haraka, baba."

Nikamimina nusu iliyobaki, nikawa natupia chembe za chakula cha samaki kila siku ili bakteria wasife njaa. Wageni waliuliza samaki wako wapi.

"Bado," mke wangu aliwajibu. "Kwa sasa mume wangu anafuga maji."

Baada ya wiki tatu samaki sita walishuka kwenye basi. Kila asubuhi mke wangu alisimama mbele ya tangi na sinia lake la maandazi, akihesabu. Siku ya tano ikapita. Siku ya kumi alihesabu sita, akarudia kuhesabu, kisha akaenda kwa seremala kuagiza kabati. Vipimo alikuwa navyo tayari.