Stenti ya Tatu ya Kokilaben

Kokilaben, mhandisi wa Surat, India, alikuwa akibuni mrija mmoja wa kuingiza stenti tatu, vile vijineli vya waya vinavyotanua mishipa ya moyo, ili mgonjwa asirudishwe kwenye meza ya upasuaji kila mara. Lakini kila mrija ulipojaribiwa, stenti ya tatu iliteleza ikaipanda ya pili. Leo ikiteleza tena, kazi yake inafungiwa kabatini.

Dakta Vasavada akausukuma mrija ndani ya mshipa wa kioo uliojaa maji ya uvuguvugu. Akaanza kuuvuta nyuma kidogo kidogo ili stenti zitoke. Ya kwanza ikafunguka. Ya pili nayo.

"Dada, mbona hupumui? Ukianguka hapa sina kitanda."

"Wewe vuta tu, kaka. Nitapumua baadaye."

Akavuta. Stenti ya tatu ikatikisika, ikasita, kisha ikafunguka palepale ilipotakiwa.

Dakta akauchomoa mrija, akauinua kwenye taa. Ndani yake, pale stenti zilipokuwa zimepakana, palikuwa na vifundo laini.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Siku ya sikukuu nilitunga mbiombio shada la maua la kutundika mlangoni, nikasahau kupiga fundo baada ya kila ua. Maua yote yakarundikana upande mmoja. Mama mkwe alinicheka mbele ya wageni."

"Basi mpelekee halua. Na sasa pumua!"