Majani Mabaya

Kwetu Runyenjes, aibu ya mkulima ni kupeleka kahawa chafu kiwandani. Kabla ya kupima, kila mama humwaga buni zake juu ya gunia na kuzichagua moja moja, zenye ugonjwa akizitupa kando huku majirani wakimtazama. Mama yangu alisifika kwa kuchagua. Nilisahau hilo nilipompigia simu, na mimi ndiye niliyejiita msomi.

Nilikuwa nimemaliza uzamivu na kupata mkataba wa utafiti katika maabara moja jijini. Ndani ya kila seli ya jani kuna uzi mrefu wa maagizo, umeviringwa kwenye protini na kukunjwa ukaenea mahali padogo ajabu. Huo ndio kromatini. Palipobanwa sana hapasomeki. Panapolegezwa, maagizo hufanya kazi. Nilitaka kujua kutu, ule ugonjwa wa madoa ya rangi ya chungwa, inaposhambulia jani la mkahawa, ni wapi panapolegea. Mkataba ulikuwa ukingoni, gari la maabara nilipewa kwa wikendi moja tu, na mikahawa ya aina ya zamani niliyoihitaji ilikuwa huko nyumbani.

"Mama, usinyunyize dawa. Nakuja na wenzangu wawili kuchukua majani yenye kutu."

"Sawa, mami," akanijibu. "Mje."

Jumamosi tulipofika, shamba lilikuwa linang'aa. Hapakuwa na jani hata moja lenye doa.

"Nilitoa yote nikachoma," mama akasema, ameridhika. "Wageni wa university wakuje wapate shamba ya babako ikiwa hivyo?"

"Mama, umechoma kazi yangu!"

Nilipaza sauti mbele ya wageni, jambo ambalo bado linaniuma. Yeye aliwamiminia chai, kisha akaenda kusimama peke yake kwenye jivu.

Tukazunguka kwa majirani. "Kutu? Hapa kwetu hakuna, daktari," kila mmoja alisema, akituonyesha mistari ya mikahawa safi kando ya barabara. Mama mmoja, mweka hazina wa akina mama wa kanisa na mpinzani wa mama yangu kiwandani tangu nikiwa mdogo, alisimama katikati ya njia tusije tukaona nyuma ya nyumba yake. Jioni vichupa vyetu vyote vya kuwekea majani vilikuwa vitupu.

Jumapili tulikwenda kanisani, maana kwa mama hakuna wikendi isiyo na kanisa. Wakati wa matangazo akasimama. Nilidhani anataka kuwatambulisha wageni.

"Bwana asifiwe. Kahawa yangu iko na kutu," akasema. "Iko nayo miaka mingi. Mnaona shamba iko safi kwa sababu nachagua majani usiku na taa, ndio msione. Juzi nilichoma majani nisiaibike, kumbe nachoma kazi ya mtoto wangu. Anatafuta yale mabaya. Kama uko nayo, usione haya kama mimi."

Akaketi. Nikamshika mkono.

Kisha mweka hazina akainuka polepole, akijifunga leso upya. "Kwangu iko mingi," akasema. "Nyuma ya nyumba." Mwingine akasema, "Hata kwangu." Ikawa kama wakati wa kutoa ushuhuda.

Jani likishachumwa uzi wake huanza kujikunja upya, kwa hiyo ilitubidi kulitia dawa ya kuugandisha papo hapo, chini ya mti. Tulipita shamba kwa shamba na nguo zetu za kanisa. Mama alishika kisanduku cha barafu na kuonyesha kwa kidole: "Hilo. Hapana, lile baya zaidi." Vichupa vikajaa kabla jua halijatua.

Nimesimama mbele ya maprofesa wengi nikieleza majani yale, nikapigiwa makofi. Hata hivyo, sijawahi kusimama jinsi mama yangu alivyosimama Jumapili ile.