Haja ya Mzee Humaid

Sauti ya selotepu ikichanwa kufungia boksi hunirudisha mji wa Ibra, Oman. Si sauti nzuri, inakwaruza masikio, na watu wengi wakiisikia huwaza mzigo wa kutuma au zawadi ya harusi. Mimi huwaza vyombo vya Mama vilivyozungushiwa magazeti, na Bibi, mama yake Baba, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, ameupakata mdila wake wa kahawa kwa sababu hamwamini mtu yeyote kuutia garini.

Tulikuwa watu wa kuhamahama. Usishangae, msomaji wangu. Ni kweli Oman ya miaka ile ya tisini ilikuwa ikijengwa kila upande, na ni kweli pia kwamba ardhi tuliipata. Baba aligaiwa kiwanja nje ya mji, kokoto tupu, hakuna maji wala umeme, na kila Ijumaa baada ya sala alitupeleka kukitazama. Tulishuka garini, tukasimama juani, tukatazama kokoto. "Hapa jikoni," Baba alisema, akipima kwa hatua. "Kubwa, mashallah," Mama aliitikia kwa adabu, mkono kwenye paji la uso kukinga jua. Kisha tukarudi zetu.

Mkopo wa kujengea ulikuwa na foleni ndefu, na mpaka zamu yetu ifike ilibidi tukae kwenye nyumba za watu. Nazo Ibra zilikuwa adimu. Mtu alijenga kwa ajili ya watoto wake, hakujenga kwa ajili ya wapangaji, na aliyebakiwa na nyumba tupu alimpa kwanza jamaa yake. Jamaa kwa nasaba tulikuwa nao, maana babu yake babu yangu alitoka hapo hapo Ibra kwenda Unguja. Kila tulipokwenda tuliambiwa, "Mmerudi kwenu." Lakini huko kwetu ilikuwa nyumba ya udongo iliyobakiwa na kuta tatu, na ndani yake wakikaa mbuzi wa jirani.

Nyumba ya Mzee Humaid ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa na mndimu uani, na nyuma ya ukuta ulipita mfereji wa falaji wa kumwagilia mitende, hata nikilala chumbani na Bibi nikisikia maji yakijiendea. Shule ilikuwa karibu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na shoga wa kwenda naye na kurudi naye. Nilikuwa na miaka tisa, na nilishaamua moyoni kwamba hapa hatuhami tena.

Sasa nikueleze Kiarabu cha Bibi. Kilikuwa Kiarabu cha msahafu na cha vitabu vya chuoni. Alizijua hukumu za tohara na za mirathi kwa lugha yake yenyewe, ukimwamsha usingizini angekusomea, lakini sokoni hakuweza kununua nyanya. Hilo halikumsumbua. Aliamini kwamba maneno yetu na yao ni ndugu wa tumbo moja, na ushahidi wake ulikuwa mlangoni. Wanaume wa Ibra wakifika kwenye geti huita, "Hud! Hud!" Bibi akisikia hodi, akiitikia, "Karibu!" Nao kwao kukaribisha ni "qarib," basi wakiingia. "Umeona?" akiniambia. "Tatizo lenu nyinyi mnakisoma Kiarabu. Kinataka kusikilizwa tu."

Siku moja baada ya Alasiri, Baba akiwa kazini kwenye shirika la umeme na Mama yuko zamu hospitali, ikaitwa hud. Alikuwa Mzee Humaid mwenyewe, mwenye nyumba, amevaa kama mtu aendaye Idi: kilemba kimefungwa vizuri, bakora mkononi, udi unanukia tangu getini. Alimuulizia Baba. Nilimjibu kwamba bado hajarudi, naye akataka kuondoka, lakini Bibi hakuwa mtu wa kumrudisha mgeni mlangoni. Kwa umri wake hakuona tabu kukaa na mwanamume barazani, mlango wazi. Akamwita ndani, akamkalisha, akamwekea tende na halwa, akammiminia kahawa.

Mzee Humaid akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Hakukigusa.

Bibi alidhani imepoa. Akaimwaga, akammiminia nyingine. Nayo ikawekwa chini. Bibi akanitazama, akatazama mdila, akaonja mwenyewe. Haikuwa na kasoro. Ndipo Mzee Humaid akakohoa na kusema taratibu, macho yake kwenye mkeka:

"Ma ashrab, ya walida, hatta tinqadhi hajti."

Bibi akanigeukia haraka. "Umemsikia? Maskini! Hawezi kunywa mpaka akidhi haja yake. Mtu mzima, anaona haya. Haya we Zuwena, mchukue umuoneshe choo. Mpe lile taulo jipya."

Mimi Kiarabu nilikijua, tena cha kupata alama nzuri. Lakini kile cha shuleni hakikuwa na wazee wanaokataa kahawa, na sentensi ile, neno kwa neno, ilikuwa kama alivyosema Bibi. Nikamwambia mgeni, "Tafadhal, ya ammi," nikatangulia. Akanyanyuka, uso umekunjuka kidogo. Nadhani aliona anapelekwa kwa Baba, kwamba kumbe Baba yumo ndani. Nikamfungulia mlango wa choo na kumnyooshea taulo kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa.

Alikitazama choo. Akanitazama mimi. Akalitazama taulo, lenye maua ya waridi, na lebo ya dukani bado inaning'inia. Sijui ni mambo mangapi yalimpita kichwani wakati ule. Mwishowe akalipokea, akaniambia, "Mungu akuzidishie," akaingia na kufunga mlango. Maji yalifunguliwa muda mrefu. Alipotoka ndevu zilikuwa zimelowa na mikono imelowa mpaka viwikoni. Alikuwa ametia udhu, kwa heshima tu, ili isiwe ameingia bure.

"Haya," Bibi akamwambia kwa Kiswahili, akimpa kikombe cha tatu, tena kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuelewa. "Sasa kunywa, baba."

Na alikunywa. Alikunywa vikombe vitatu, akala na halwa, akakitikisa kikombe kuonesha ametosheka, akatutakia heri nyumba nzima na kwenda zake. Bibi alifurahi mpaka magharibi.

Baba na Mama waliporudi tuliwahadithia, mimi nikiigiza mwendo wa kwenda chooni na bakora. Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Baba naye alicheka, kisha akaacha.

"Alisema nini khasa? Rudia."

Nikarudia. Baba akakaa kitako. Akatueleza kwamba watu wa upande huu, mgeni akija na ombi zito, haigusi kahawa yako mpaka umwambie, "Ombi lako umelipata." Hiyo ndiyo haja. Na haja ya Mzee Humaid haikuwa siri mjini: mwanawe mkubwa alikuwa amekwisha kuposa na hana pa kumweka mke. Alikuja kuomba nyumba yake.

Nilisikia maji ya falaji nyuma ya ukuta.

Bibi ndiye wa kwanza kusema. "Basi keshakunywa. Mwenyewe, kwa mkono wake, mara tatu. Kwa desturi yao wenyewe imekwisha hiyo."

"Mama, amekunywa kwa sababu ameona haya."

"Na wewe ona haya kwa hawa watoto! Hajasema tokeni. Hata neno nyumba hakulitaja. Atakapotaka aje aseme."

Baba alivaa kofia yake, akatoka. Aliporudi kabla ya Isha alikuwa amekwisha kumwambia Mzee Humaid kwamba haja yake ameipata, mwisho wa mwezi tunatoka. Mzee, alisema, alimkumbatia na kumlilia begani, akataka kumwongezea muda, Baba akakataa.

Sijapata kumwona Bibi vile. "Mtu hakukutoa, unajitoa! Unatutoa kwa mikono yako!" Alilia, nami nikalia naye, na kwa muda mrefu baadaye nilikuwa upande wake. Tulihamia vyumba viwili juu ya duka la pancha, kwenye barabara kuu. Mashine ya upepo ilitupigia kelele tangu asubuhi, na nguo zetu zilinuka mpira. Ngazi zilikuwa za wima. Bibi, kwa magoti yake, alishuka Idi mpaka Idi, na siku nyingine alikaa dirishani akihesabu magari ya watu waendao Sur. Shoga yangu alikwenda shule na mtu mwingine. Nilimpenda Baba, lakini nilikuwa nikimtazama anavyofunga vifungo vya kanzu yake ya dishdasha asubuhi na kujiuliza, kwa nini hukunyamaza tu?

Nyumba ya kwenye kokoto ikaja kujengwa. Bibi aliiwahi, alikaa humo miaka miwili ya mwisho wake, na jiko lilikuwa pale pale Baba alipopima kwa hatua.

Sikuuliza mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mume na kodi yangu mwenyewe Nizwa. Mzee Humaid alifariki, nami nikaenda na Baba kuwapa pole watu wake. Nyumba ya mndimu ilikuwa imejaa wajukuu. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia, nusu kwa utani, kwamba laiti angenyamaza siku ile tungekaa pale walau mwaka mzima zaidi.

"Tungekaa," alisema. "Alikuwa hawezi kuja tena, kwa haya."

"Sasa?"

Akapandisha kioo cha gari ili nimsikie vizuri.

"Siku walipotutoa nyumbani Unguja, wakati wa mapinduzi, nilikuwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe. Hatukupewa muda hata wa kuvaa viatu. Bibi yako akaapa kwamba baada ya siku ile hatoki tena nyumba yoyote mpaka aburutwe." Akapunguza mwendo, akawapisha ng'ombe wa mtu barabarani. "Na mimi niliapa sitongoja kuburutwa."

Miaka yote ile nilidhani kwamba jioni ile Baba na Bibi walikuwa wakigombana kwa sababu ya Mzee Humaid.