Lori la Jeshi na Shamba la Tindiga

Nakumbuka hata harufu ya siku ile, mwanangu. Nilikuwa napepeta mchele uani kwetu hapa Kilosa, marehemu baba yako alipoingia na lori la jeshi alilolinunua mnadani Morogoro, na moshi wake ukaujaza ungo wangu masizi. Nikakasirika. Kisha nikamwona amekaa kwenye usukani anacheka peke yake, hasira ikaniisha. Tulikuwa bado wageni katika ndoa, na ukipenda, chongo utaita kengeza.

Nakuhadithia haya nikiwa nimechoka, sikufichi. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya lori kama lile, ukasema jeshi linayauza yaliyozeeka, na kwamba tukiuza shamba la Tindiga utalipata moja. Siku hizi hata mnada umehamia ndani ya simu. Kugombana na wewe siwezi, magoti yananiuma na mchana nasinzia. Kaa basi nikwambie mara moja, kisha uamue mwenyewe.

Lori lenyewe halikuwa baya, siwezi kulinyima haki yake. Lilipakwa rangi ya bluu kabla ya kuingia barabarani, maana raia hatembei na rangi ya jeshi, lakini kila lilipokwaruzwa kijani kilichungulia. Majirani wakaliita Afande. "Afande amevaa kiraia," walisema, na baba yako Rajabu alicheka kuliko wote. Masika, barabara ya Mikumi ilipogeuka uji na magari mengine yakalala njiani, Afande alipita, matairi yote yakivuta. Alibeba mahindi ya Ulaya, kijiji cha kwao baba yako, na mpunga wa Tindiga. Mwaka mmoja mto Mkondoa ulitoka kwenye kingo zake, na Rajabu akaenda kuwapakia wazee waliozingirwa na maji. Alirudi ana matope mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo nilijivuna naye, nami sioni aibu kusema.

Tatizo ni kwamba watu wetu hawakuwahi kuamini kuwa lile gari ni la mtu. Lilitoka jeshini, kwa hiyo kwao lilikuwa la wananchi. Basi la abiria wangelilipia nauli bila kuulizwa, lakini Afande walimpanda kama wanavyokanyaga daraja la serikali. Harusi, Afande. Kuni za shule, Afande. Msiba ndio usiseme, maana maiti halipi nauli, na waombolezaji wanapanda na maiti. Baba yako hakuweza kumkatalia mtu. Na mimi niliyekuwa nikinung'unika jikoni, niliwahi kuwapandisha shangazi zangu wote na kuku wao.

Kisha likaanza kuumwa. Ilianza difu ya mbele, ikafuata gia boksi. Spea zake hazikuwa dukani, kwa sababu hakuna mwenye duka anayeweka spea za gari ambalo mjini hamna mwenzake. Fundi mmoja wa Mikumi akamwambia njia ni moja: atafute lori lingine la aina ileile lililokufa, alichinje. Ndivyo mafundi wanavyosema, kuchinja gari, yaani kulitoa viungo vyake kimoja kimoja uvifunge kwenye lililo hai. Tukauza shamba la mahindi lililokuwa karibu na mji, na lori la pili likaja uani likivutwa kwa mnyororo.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Kila kilichoharibika kilipata ndugu yake. Lakini yale malori yalikuwa ya umri mmoja, mwanangu, na kilichotoka kwa maiti kilikuwa kimechoka sawa na kile kilichotupwa. Injini ya Afande ilipokufa, Rajabu akaona bora alifufue lile la pili, lakini alipolifungua akakuta gia boksi ameshaitoa, difu ameshaitoa, na vyote ameshavimaliza. Alianza na gari zima moja na bovu moja, akaishia na mabovu mawili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na mume wa miguu tu, maana sehemu iliyobaki ilikuwa chini ya chuma. Dada yako Zuhura alijifunza kutembea kwa kuifuata ile miguu.

Ndipo akapata habari za injini Dar es Salaam, na akaniambia atauza shamba la Tindiga. Lilikuwa lake, alipewa na baba yake, lakini mpunga wake niliulima mimi, na ndio tuliokuwa tunakula. Hakukuwa na kingine nyuma yake. Nilitaka kupiga kelele, nikashindwa, kwa sababu nilimwona mgongo umepinda na macho mekundu. Nikatuma salamu kijijini Ulaya kwa baba mkwe.

Mzee alikuja kwa baiskeli. Akapokea shikamoo zetu, akanywa maji, akaenda kukalia tairi kuukuu kati ya yale malori mawili. Akamuuliza mwanawe jeshini gari kama lile lilihudumiwa na watu wangapi. Rajabu akaanza kuwataja: dereva, fundi, msaidizi wake, mtunza spea, mtu wa mafuta, na mkubwa anayeidhinisha. Mzee akauliza hapa uani wako wangapi. Rajabu akasema wako wawili, yeye na mke wake.

"Ng'ombe hashindwi na nundu yake," mzee akasema. "Jeshi ndilo ng'ombe. Wewe umeinunua nundu, ng'ombe umemwacha kulekule."

Rajabu akajibu kwa heshima, ila kwa ukaidi pia. "Baba, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Mkondoa ukifurika, mwenye akili huvaa nguo zake akarudi nyumbani. Hakuna anayemcheka." Kisha mzee akasema lile ambalo sijalisahau: "Nimeona mbuzi akichinjwa akawalisha watu. Sijapata kuona mbuzi aliyechinjwa akaendelea kula."

Hakumkataza kuuza. Alimwomba kitu kimoja tu, aende shambani akaamie ndege, awafukuze wasile mpunga, maana ulikuwa unaiva, halafu auze akitaka. Nilivunjika moyo. Nilidhani mzee ametuacha.

Rajabu akaenda. Akakaa kibandani kule Tindiga akipiga debe na kurusha mawe, na usiku alilala, kwa sababu kule hapakuwa na kitu cha kukifungua. Aliporudi alipita katikati ya malori bila kuyagusa, akaja jikoni nilipokuwa, akakaa chini sakafuni.

"Mama Zuhura," akaniambia, "nimechoka."

Mwanangu, baba yako alinipa maneno matamu mengi kabla hatujaoana, lakini hakuna lililonifurahisha kama hilo. Nililia mpaka ugali ukaungua. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja wakayakata yale malori pale pale yaliposimama, naye akasimama akitazama, mikono nyuma. Mgongo haukunyooka tena mpaka tunamzika. Shamba lilibaki, nawe umekulia humo.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitu cha mkubwa kikiuzwa kwa mnyonge, kinauzwa peke yake, na mikono iliyokuwa ikikitunza haiuzwi. Kabla hujanunua, hesabu mikono uliyonayo, na yangu usiihesabu, imekwisha. Na ukishanunua ukaona kinakula wanao, kiache. Vijana mnaogopa kuonekana mmeshindwa, ndiyo maana mnaendelea kulisha kilichokufa. Kuchoka si aibu. Aibu ni kukubali umechoka wakati umeshauza hata mahali pa kupumzikia.

Sikuzuii, umekuwa mtu mzima. Mungu akupe kazi inayokwisha jioni, akupe mke atakayeuona uso wako na si miguu tu, na siku ukichoka akupe ulimi wa kusema ungali na nyumba ya kurudi. Amina, mwanangu. Sasa nisaidie niinuke.