Siluki

Jina alilopewa na wazazi wake sitaliandika. Huku Buseresere anajulikana: mwenyekiti wa kamati ya tamasha la ngoma, yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Jina analoitwa sasa tumempa mimi na watoto kumi na mmoja ninaowalea.

Mimi ni mtoto wa Mrundi. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea mnivumilie. Yule bwana alikuwa kiranja wetu. Asubuhi alisimama mlangoni kutupima ulimi. "Semeni mwangaluka." Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma, huku kila mtu anaijua. Sasa Msukuma hana "r", na Mrundi hana "l". Sisi tulitoa mwangaruka. Aliyesema hivyo alibaki nje, na kwenye ngoma ya shule hakushika jembe la kuchezea wala njuga.

Siku walipokuja watu na lori kutafuta wasio na karatasi za uraia, kiranja aliwaonyesha mama yangu kwa kidole. Mama alikuwa anapepeta mtama. Walimpakia na ungo wake mkononi. Sijamwona tena. Nikaacha shule nikaenda kuponda mawe ya dhahabu.

Leo napika chakula cha wachimbaji. Watoto wa Kirundi na wa Kikongo, ambao baba zao wanashinda mashimoni, wanashinda kwangu. Nikawafundisha ngoma. Fundi cherehani jirani yangu, Msukuma, akawashonea sketi za viroba. Wachimbaji wakaleta madumu ya kupiga. Nilitaka kitu kimoja tu: waingie uwanjani siku ya tamasha, watu wawaone.

Mwenyekiti akatukata kwenye orodha.

"Ngoma ni za wenyeji," akaniambia. "Hao wapita njia wakacheze kwao."

"Kwao wapi? Huyu mdogo nimemkata kitovu mimi, nyuma ya jiko langu."

Akacheka. Ni cheko lile lile alilotucheka mlangoni pa shule.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kisukuma, kiongozi wa ngoma ya majembe. Akasema, "Wataingia katikati yetu. Nani atahesabu miguu?"

Siku ikafika, uwanja wa mpira umejaa. Majembe yakaruka hewani, yakadakwa, na wanangu katikati. Mwenyekiti akawaona. Akanyakua kipaza sauti.

"Subilini! Hao watoto si wa hapa! Waseme kwanza mwangaluka, tuwasikie!"

Miaka yote hii hajapata akili mpya. Nami nilijua hatapata, ndiyo maana nilikuwa nimewaandaa.

"Mwanga-RUKA!" wakajibu, na kwenye ruka wote kumi na mmoja wakaruka juu, madumu yakalia walipotua. Vumbi likatimka. Mama wa majembe akawaita tena, "Mwanga...!" "RUKA!" Mara ya tatu uwanja mzima ulikuwa unaruka, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, hata mgeni rasmi aliinuka kitini. Aliyebaki chini ni mmoja.

Yule mdogo wa nyuma ya jiko akamsogelea. "Shikamoo mwenyekiti. Na wewe ruka!"

Naye kipaza sauti bado kiko mdomoni. "Siluki!" akafoka. "Nimesema siluki!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Siluki! Siluki hataki kuluka!"

Kesho yake sokoni muuza nyanya akamwamkia, "Shikamoo mzee Siluki." Kwenye mashine yake mtu ameandika jina hilo kwa mkaa. Analifuta, linarudi. Si mimi ninayeandika, ila mkaa unatoka jikoni kwangu.

Wiki iliyopita alikuja kwangu wanangu wakifanya mazoezi. Hakukaa.

"Mama, waambie watoto waache. Mwaka kesho nitawaandika kwenye olodha."

"Utawaandika tu. Mama wa majembe na mgeni rasmi wameshawataka. Hapo huna la kuniuzia."

"Basi unataka nini?"

Nikaweka mwiko chini. "Nataka useme mama yangu alipakiwa kwenye nini. Ukilitamka sawasawa, jina lako nitalifuta mwenyewe."

Watoto wakaacha madumu. Akalamba midomo.

"Loli," akasema.

"Rudi kesho," nikamwambia, "ujaribu tena."