Niliingia Chuo kwa Maisha ya Nyawira

Sina wa kumlaumu. Mimi ndiye niliyemharibia rafiki yangu maisha, na niliyaharibu nikiwa nimevaa sketi nzuri na kutabasamu.

Nyawira nilisoma naye shule ya bweni hapa Nyeri. Kwao ni Kangari, kule kwenye mashamba ya chai, kwetu ni Skuta, hapa mjini. Tulipomaliza, sote wawili tuliitwa Nairobi siku moja kuhojiwa na chuo cha biashara. Akaja kukaa kwetu tufanye mazoezi. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko chake, kwa hiyo mimi nilijifanya mkuu wa chuo, yeye anajibu.

"Umewahi kuanzisha kitu chako mwenyewe?" nikamuuliza.

Akaniambia mamake alipougua, aliona jinsi wachuma chai walivyokuwa wakingoja lori la kubeba majani jioni wakiwa na njaa. Likizo hiyo akaanza kuwapikia uji wa kuuza. Ukapendwa mpaka akaandika kazi wanawake wawili waendelee akiwa shuleni. Ndivyo alivyomaliza shule.

"Haya, na wewe? Wewe uko na story gani?"

Sikuwa na yoyote! Baba alikuwa na duka la misumari na mabati, na hata kulifagia sikuwahi. Nikacheka tu.

Siku ya kuhojiwa niliitwa mimi kwanza. Ndani kulikuwa na mzee mmoja na mama wa miwani. Swali likaja lile lile. Jameni! Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema mamangu aliugua. Nikasema uji, nikasema lori, nikasema wanawake wawili. Hata machozi yalinitoka! Yule mama akaweka kalamu chini anisikilize.

Nyawira akaingia baada yangu. Hakukawia. Alitoka akaja moja kwa moja nilipokaa.

"Wameniuliza ni nani alinifundisha hiyo story. Ati wameisikia sasa hivi. Nimejaribu kuwaeleza, Kiingereza ikapotea yote." Akanitazama. "Ni wewe?"

"Mimi? Hapana. Si unaona wasichana ni wengi hapa?"

Mlango ulikuwa pale pale. Ningeingia niseme ukweli. Sikuingia!

Mimi nikachukuliwa, yeye akakataliwa. Mjomba wake aliyeahidi kumsomesha, aliposikia chuo kimemwita mwongo, akajitoa.

Nilisoma bila raha. Mwalimu akinisifu, nilihisi anamsifu mtu mwingine. Nikamaliza, nikapata kazi nzuri, na usingizi bado ukanikataa.

Juzi nilijikaza nikaenda Kangari. Nilimkuta akichuma chai kwenye shamba la watu, kikapu mgongoni. Mamake alishafariki, na biashara ya uji ilikufa zamani. Nilianza kulia hata kabla ya salamu.

"Nyawira, ni mimi niliwaambia."

"Najua," akasema. "Nilijua hiyo siku. Nilikuwa nangoja tu useme, turudi ndani pamoja."

Kisha akainama, akaendelea kuchuma. Nilisimama pale mpaka mvua ikaanza. Hakunitazama tena.

Ninyi mnaojiandaa kuhojiwa, nawasihi: kama huna la kusema, sema huna! Watakukataa, utalia kidogo, utajaribu kwingine. Lakini usichukue ya mwenzako. Na kama umeshachukua, sema siku hiyo hiyo, kabla hamjatoka kwenye hilo jengo. Ukichelewa kama mimi, msamaha utauomba, lakini hautakuwa na kazi tena.