Wasifu wa Binti wa Jenerali

Kanisani kwao Rexdale, huko Kanada, hakuna Mkongomani aliyezikwa bila Générose kumwandikia wasifu. Alikuwa na kipaji cha kuandika na, tuseme ukweli, kipaji cha kupamba pia. Chini ya kalamu yake hata mlevi aligeuka mtu wa watu. Kwao Fizi, wasifu huanza na baba wa marehemu. Husifiwa yeye kwanza, ndipo mtoto afikiwe.

Kwa hiyo Mama Irmgard, bikizee wa Kijerumani ambaye Générose alikuwa akimhudumia kwa miaka sita huko Don Mills, alipomwomba amwandikie wake angali hai, Générose alifurahi. Irmgard hakuwa na mume wala mtoto, na daktari alishasema moyo umechoka. Générose aliitazama picha ya baba mtu, medali zimejaa kifuani, akauliza mawili matatu, akaenda kuandika. Kesho yake akamsomea: "Irmgard ni binti wa jenerali hodari, aliyeingia jeshini akiwa kijana, akapanda vyeo katika vita viwili, akalitumikia taifa lake kwa heshima."

Irmgard aliweka kikombe cha chai mezani.

"Futa hodari," alisema. "Futa na heshima. Andika kwamba mwaka arobaini na tatu, katika vita vya pili, kwenye nchi tulizovamia upande wa mashariki, aliamuru vijiji kumi na kimoja vichomwe, watu wakiwa ndani. Alifungwa miaka minne tu, akarudi nyumbani, akapanda maua, akafa kitandani kwake. Nimelificha hilo miaka sitini hapa Kanada. Nimechoka."

"Mama, mtu hazikwi kwa maneno kama hayo."

"Basi nitazikwa kwa uongo."

Huko Fizi, mama mzazi wa Générose alichomwa moto ndani ya nyumba na wanajeshi, yeye akitazama kutoka shamba la mihogo. Na miaka sita yote hii alikuwa akimwogesha binti wa mtu kama wale, akimchana nywele, akimpenda. Ndiyo, alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alivaa koti lake, akatoka, na akiwa kwenye kituo cha basi akampigia simu msimamizi wake ampe mgonjwa mwingine.

Alijiambia ni kwa wiki moja tu, hasira ipoe. Siku ya nne Irmgard alifariki, mbele ya mhudumu mgeni asiyejua kwamba bikizee yule hapati usingizi mpaka ashikwe mkono. Générose alilia jikoni kwake Flemingdon Park mpaka binti yake Ariane akaja kuzima jiko, maharage yameungua.

Mazishini walikuja watu saba. Générose alisimama na karatasi yake, maneno mawili yamekatwa. Safari hii hakupamba kitu. Alisoma vyeo vya jenerali kimoja baada ya kingine, kisha vijiji kumi na kimoja, na sauti yake haikutetemeka, kwa kuwa hasira ilikuwa bado ipo. Sehemu ya baba ilikuwa imekwisha. Sasa ilikuwa zamu ya mtoto.

"Mwaka huo wa arobaini na tatu," alisema, "Irmgard alikuwa..."

Hakuwa ameandika. Hakuwa amewahi hata kuuliza. Alipiga hesabu palepale kutokana na umri wa marehemu, amesimama mbele ya jeneza.

"Alikuwa na miaka tisa," alisema, na hakuweza kuendelea.